Usiende Kipara Bamvua Hili

Custom, Juba

Kwako Baba Rehema, mume wangu,

Nakusalimu kwa salamu nyingi, na ninaomba zikukute umeketi kibarazani, miguu mikavu. Goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaipaka, au umeiweka juu ya kabati ikuangalie? Rehema anakula vizuri? Na mamako, tangu ashuke kutoka Wundanyi, amezoea, au bado anasema joto la Pwani litamuua? Mimi huku mwili hauna neno. Moyo ndio haukai. Nikiketi nasimama, nikisimama natafuta pa kwenda, na pa kwenda hapana.

Barua hii inaletwa na Bi Saumu wa Likoni, anayeuza madira hapa soko la Custom mkabala na hoteli ninayopikia. Anakuja kumwoza mwanawe. Nimemwambia akupe mkononi, kisha akae, apewe chai, asiondoke mpaka uimalize mbele ya macho yake. Kwa hiyo isome. Usimfanye mama wa watu akalala kwetu akakosa harusi ya mwanawe.

Utauliza kwa nini nisipige simu, au nikaandika hukohuko kwenye simu. Simu nimepiga, na wewe unajua ulivyonijibu. Ulisema, "Sawa, sawa, sitakwenda." Hiyo sawa-sawa yako naijua mimi. Ndiyo uliyonijibu kuhusu paa la jikoni, na mamako anapikia chini ya turubai hadi leo. Na ujumbe wa simu unaupitisha kwa kidole, unacheka, unamwonyesha rafiki yako Juma, yule wa mabati. Karatasi utaishika. Na sioni haya kukwambia kwamba nimeogopa.

Ulipopiga mara ya kwanza ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu machimbo ya mawe yafungwe. "Mama Rehema, nimepata mahali!" Nilikuwa kwenye sufuria ya pilau, nikapunguza moto nikusikilize. Ukanieleza kwamba ukiupita ufuo, ukazunguka rasi, kuna jabali limesimama baharini peke yake, limeshikana na nchi kavu kwa shingo nyembamba ya mawe. Mbele yake pana shimo jeusi. Ulitupa mshipi ukatoa changu wawili na chewa, ukawapitisha katikati ya kijiji mikia ikining'inia ili watu waone. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Najua maneno yanayosemwa pale dukani, kwamba mke yuko Sudani anapika na mume anakula. Najua kwa nini hukuwafunga kwenye gunia wale samaki. Mimi nisingewafunga pia.

Kisha ukaniambia mengine, na kicheko kikanikauka. Ukasema ulikuwa pale saa nne asubuhi, maji yamejaa kabisa, na ile shingo ilibaki kavu hata viatu hukuvivua. Ukasema Juma wa mabati amekueleza kwamba bamvua ndipo samaki wakubwa wanaposogea, kwa hiyo bamvua hili utakwenda na chambo cha pweza ukae alasiri nzima. Nikakuuliza hilo jabali juu yake lina nini. Ukajibu, "Halina kitu. Jeusi, laini, kama kichwa cha mzee." Hapo mtandao ukakatika, na pilau ikaungua upande. Tajiri wetu, Msomali wa Garissa, mtu mpole sana, siku hiyo alinitazama tu akaenda zake.

Mume wangu, hilo jabali nalijua. Linaitwa Kipara. Hukusikia jina hilo kwa sababu kwetu halitajwi mbele ya mama. Unajua mjomba Fakii, ndugu yake mama, alikufa maji. Hukuambiwa ni wapi. Ni hapo. Mtu aliyezaliwa ufuoni akaota mvi ufuoni, na tulichopata ni kikapu chake na ndara moja. Tangu siku hiyo watu wa nyumba yetu wakifika kwenye rasi wanageuka, na mkwe akiuliza kuna nini kule, anaambiwa hakuna kitu. Sasa naona tulivyokosea. Tumenyamaza kwa kumhurumia mama, na mkwe kutoka milimani ameenda mwenyewe moja kwa moja akapapenda. Juma naye usimlaumu, ni mgeni kama wewe, alikuja na mabati yake juzijuzi tu.

Sikiliza kilichokudanganya. Ulikwenda siku za maji mafu. Maji mafu hayapwi sana na hayajai sana, yanajikokota katikati tu, ndiyo maana saa nne asubuhi ukaona yamejaa na shingo kavu. Ukasema basi, kujaa ndiko huku. Siyo. Siku za bamvua, mwezi unapokufa na unapokuwa mpevu, maji hupwa asubuhi mpaka miamba ya mbali inatoka nje, halafu yanarudi na nguvu zote, na saa kumi alasiri yanafika mahali ambapo hujawahi kuyaona. Ile shingo inazama wakati wewe bado umesimama pakavu, umegeukia bahari, mshipi unavutwa, umefurahi. Maji ya Kipara hayaji mbele yako, yanakuja nyuma yako. Ukigeuka, njia ya kurudi haipo, na jabali lenyewe bado lina nusu saa ya kukudanganya kabla ya wimbi kulipanda.

Na hilo jeusi na laini uliloniambia ndilo linalonikosesha raha. Jabali salama juu yake ni kavu, limepauka, lina mavi ya ndege na chumvi iliyoganda, linakwaruza nyayo. Ukiona jeusi lenye utelezi, huo ni mwani, na mwani haukai pasipofika maji. Ndege wa baharini hawatui Kipara, Baba Rehema. Hao nao ni wavuvi.

Najua sasa umekunja uso. Unasema, huyu mwanamke yuko Juba, kilomita sijui ngapi kutoka kwenye maji ya chumvi, ananifundisha mimi ninayeyaona kila siku. Basi ngoja nikueleze jambo ambalo nilipanga nisikuambie, maana nilijua utanicheka mpaka tuzeeke.

Bahari sijaiacha huko, nimekuja nayo. Asubuhi nikienda kununua unga nautazama mwezi, najua kwetu maji yako wapi. Ikifika bamvua miguu inawasha, napangua vyombo nilivyokwisha kupanga, nafagia palipofagiwa. Keji ananiambia, "Mama Rehema, wewe leo iko na wadudu." Keji ni msichana wa mtaa wa Kator anayekanda chapati nami. Alikulia ukimbizini Uganda, Kiswahili chake cha kule, na roho yake safi. Siku moja ya Jumapili akachoka nami, akasema twende mtoni, labda nitatulia. Nikanunua mshipi na ndoana pale sokoni, tukapanda boda hadi Sherikat, upande wa darajani.

Baba Rehema, mto wao ni mkubwa, huo siwezi kuuonea. Lakini nilitembea ukingoni na macho ya kwetu. Nikatafuta mahali maji yanapogonga kitu na kugeuka, nikaona mawe ya ujenzi yaliyomwagwa, yameingia mtoni kama gati fupi, na kwenye ncha yake maji yanazunguka polepole. Nikasema hapa ndipo. Nikavua ndara nikaziacha kwenye jiwe la chini, nikaenda hadi nchani, nikatupa. Wanaume waliokuwa na nyavu wakaacha kazi kumtazama mwanamke anayevua kwa mkono. Nikatoa kambare, wakapiga kelele, nikajiona malkia.

Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, kusini, sisi hatukuipata hata tone. Maji yakaanza kupanda. Nikayaona. Nikaona yamefika kwenye ndara zangu, nikaona yamezibeba. Unajua nilifanya nini? Niliketi. Nikapandisha miguu, nikajiambia yamejaa, sasa yatapwa, nitakwenda zangu. Nilitulia kabisa, mimi ambaye tangu nije hapa sijatulia. Keji anaruka ukingoni, "Wewe iko unangoja nini? Maji iko inapanda!" Nami namjibu kwa utulivu, "Ngoja, yatarudi." Akashika kichwa. "Inarudi wapi, mama? Hii ni mto! Inaendanga tu!"

Hapo ndipo nilipogutuka. Mawe niliyopitia yalikwisha kumezwa. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe katikati ya mto, nangoja mto upwe. Mtu mmoja mwenye mtumbwi akaja, ananiambia, "Taali, taali," njoo, njoo, ananyoosha kasia, na mimi nimelikumbatia jiwe kwa mikono miwili, siliachi. Wakanivuta kama gunia la mkaa. Wote walicheka, nami nikacheka nao, "malesh, malesh," nikiwaomba radhi kwa usumbufu. Nilipofika chumbani nililia sana. Keji hadi leo mteja akiuliza chai iko wapi anamwambia, "Ngoja, itarudi."

Nimekueleza haya kwa sababu moja tu. Mimi nimelelewa juu ya miamba, na bado nilikaa juu ya jiwe nikingoja kifo kwa starehe, kwa kuwa nilidhani maji yote yana tabia ya maji niliyoyazoea. Sasa wewe, mtoto wa milimani, umeyaona maji ya bahari siku zake za upole tu. Sikudharau. Huo ujinga nimeufanya mwenyewe, nikaokolewa kwa sababu palikuwa na mtu wa kupiga kelele. Kipara hakuna Keji.

Wala sikwambii usivue. Nilipokusikia na wale changu wako nilikupenda upya, ndiyo ukweli. Nataka uvue, na nataka upite nao tena pale dukani, mikia nje. Nakutaka tu ufanye kama alivyofanya baba. Baba hakuwa na mtoto wa kiume, akanichukua mimi, na kabla ya kuvua kwenye jiwe lolote jipya alilikalia kwanza. Alingoja bamvua, akaenda asubuhi maji yamepwa akalitembea lote, mashimo, mifereji, pango lilipo, chaza walipo wa kukata miguu. Halafu akapanda juu kabisa, nchi kavu, palipo na majani, akaketi bila mshipi na bila ndoana, akatazama maji yakirudi mpaka yajae, na mpaka yaanze kupwa tena. Mshipi aliuacha nyumbani kusudi, maana alisema ukiwa nao mkononi utamtazama samaki na si maji. Mimi nilikuwa nalia njaa, ananipa muhogo, tunakaa. Watu walimwita mvivu. Alikufa kitandani mwake, na umri umekwenda.

Na si kwenye majabali tu. Kule ufuoni pa mchanga pia usitupe mshipi palipo na povu jingi kwa kuwa panapendeza. Tazama pale mawimbi yanapokataa kuvunjika, penye maji meusi kati ya meupe, na povu linatoka nje badala ya kuingia. Hapo pana mfereji, na samaki wanakaa kandokando yake kungoja kinacholetwa. Maji yakipwa siku ya bamvua utauona mfereji wenyewe uko wazi, uwekee alama mbili za nchi kavu, mnazi na nguzo ya stima, upate kupajua ukifunikwa. Ukitaka kitu cha kufanya mwezi huu wakati goti linapona, fanya hicho. Miguu ibaki mchangani.

Najua unachotaka hasa. Tangu unioe unaniuliza baba alikuwa anatolea wapi wale samaki kolekole, na mimi nakuzungusha. Mahali pale sikuwahi kumwonyesha mtu. Si kwamba nakunyima. Nilikuwa nikiogopa kwamba siku nikikuonyesha utaacha machimbo, utakwenda peke yako, na nitakuwa mimi wa kuletewa kikapu na ndara moja. Nikaja huku Juba nikadhani nimeiacha hofu hiyo nyuma. Kumbe nimeiacha kwenye rasi inaningoja.

Basi tufanye hivi. Mwezi sasa umebaki nusu, unaonekana asubuhi, na unazidi kupungua. Bi Saumu atakufikia kabla haujafa. Siku mwezi utakapokufa, bamvua likiingia, nenda Kipara, sikukatazi kwenda kutazama. Usivuke shingo. Mshipi uache nyumbani, umpe mamako aukalie. Panda kwenye majani juu ya rasi, ukae kama baba, utazame. Maji yanaingia nyuma ya jabali, hilo nimekwisha kukwambia. Lakini yanaanzia wapi, upande wa rasi, upande wa ufuo, au chini ya mawe yenyewe, hilo siliandiki humu. Nakujua. Nikiliandika, utaniketia barazani na Bi Saumu, unywe chai, halafu unisomee barua yangu mwenyewe kwenye simu.

Mpe salamu mamako, mama mkwe wangu, mwambie paa la jikoni nalikumbuka hata kama mwanawe amelisahau. Msalimie mama yangu, lakini barua hii usimsomee. Shangazi Mwanakombo mwambie chanuo la mpingo alilonipa liko kichwani mwangu sasa hivi. Juma wa mabati msalimie pia, na umwambie aendelee na mabati. Rehema mbusu kwenye paji la uso, mwambie mama anajua kuvua samaki wa mtoni, ila ya mawe usimweleze, nitamweleza mwenyewe akikua. Keji anakusalimu. Anasema jina lako analisikia kila siku mpaka anakuona kwenye unga.

Saa kumi yenu ni saa tisa yetu huku. Siku hiyo ya bamvua nimemwomba tajiri ruhusa, nitakaa nje nyuma ya hoteli na simu mkononi, sitakoroga kitu. Maji yakijaa kabisa, nipigie, uniambie yameanzia wapi. Ukipatia, nitakata tiketi ya basi nije nikuonyeshe mahali pa baba, tukakae huko pamoja bila mshipi bamvua zima.

Na hata ukikosea, nipigie. Kipara simu haishiki, nakumbuka vizuri tangu tulipomtafuta mjomba, mtandao unakufa ukishavuka shingo. Ikilia saa hiyo, kabla hata sijasikia sauti yako, nitajua umesimama nchi kavu.

Ni mimi mkeo, ninayeutazama mwezi,
Mama Rehema